Nimerudi likizo, nyumbani wanasema bweni limeniharibu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 18, kwetu Lindi. Nasoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) katika shule ya serikali ya bweni mkoani Njombe na Julai hii naingia kidato cha sita. Nakuandikia nikiwa likizo. Mama ananijibu kwa mkato, mjomba amenikasirikia, na kuna mpango wa kunihamisha shule ambao sijui niukubali au niukatae.

Kidato cha kwanza mpaka cha nne nilisoma sekondari ya kata, naondoka nyumbani asubuhi narudi jioni. Sikuwahi kulala nje ya kwetu isipokuwa kwa bibi. Uchaguzi wa kidato cha tano ulipotoka na jina langu likaonekana Njombe, mama alilia, nami nikalia. Fomu ya kujiunga ilitaka godoro, shuka, ndoo, jembe, kwanja, rimu za karatasi, na sweta. Lindi nani ana sweta? Nililinunua la mtumba Songea, tulipolala pale kusubiri basi la asubuhi, na kumbe lilikuwa jepesi mno. Nilifika Njombe mwezi wa saba, Shangazi. Wenyeji wenyewe walikuwa wanatembea na blanketi mabegani.

Muhula wa kwanza sikuwa mtu. Maji ya kuoga saa kumi alfajiri yalikuwa yanaumiza mpaka mifupa. Darasani nilikaa na wenzangu waliotoka shule zenye maabara, mimi bureti nilikuwa naigusa kwa mara ya kwanza, kwetu tuliisoma kwa mchoro ubaoni. Jaribio la kwanza la Fizikia nilipata 9 kati ya 100, na matokeo yakabandikwa ukutani kila mtu aone. Usiku nikiamka naenda kuswali najikwaa kwenye ndoo za watu, natukanwa na dabo deka zima, kitanda cha juu na cha chini. Sisi njuka, wanafunzi wapya, hatukuwa na wa kumshtakia.

Sijui ilianza lini, lakini nilibadilika. Kuna wasichana walikuwa na kikundi chao cha diskasheni, wakanikaribisha. Mwenzangu wa kitanda cha juu ni Mbena, Mlutheri, na Ramadhani yote yeye ndiye aliyekuwa ananiamsha daku, tena akiwa amenibakizia viazi tangu usiku. Nilijifunza kunyoosha mkono mbele ya watu 60 nikasema sijaelewa, naomba urudie. Nilijifunza kugawa hela kidogo ifike mwisho wa muhula. Nilijifunza kuishi na watu ambao sikujua hata wanasalimianaje. Muhula wa pili nikachaguliwa kiranja wa afya wa bweni, mimi ambaye nilikuwa siwezi kusimama mstarini nikajitaja jina. Fizikia nikafika 58.

Nilijifunza pia kutolialia. Mwezi wa nne niliumwa homa ya matumbo nikalazwa kituo cha afya. Matroni alitaka kumpigia mama, nikamwambia simu yake haipatikani. Sikutaka kumpa mawazo. Nilijiambia nimeshakua, mtu mzima haumwi kwa kelele. Nilipona, nikarudi darasani, nikajisifu moyoni.

Desemba sikuja nyumbani kwa sababu ya nauli, nilikaa kwao yule mwenzangu wa kitanda cha juu, Makambako. Kwa hiyo tangu mama aniage stendi mwaka jana hajaniona mpaka Juni hii.

Nilidhani nitapokewa kwa furaha, na siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Kesho yake niliamka saa kumi nilivyozoea, nikafagia uwanja wote, nikaosha vyombo, nikajaza ndoo nikazipanga. Mama akatoka akasimama mlangoni, akasema, "Unataka majirani waone nyumba hii ilikuwa haifagiliwi?" Nikadhani ni utani. Mdogo wangu yuko darasa la saba, nikamwandikia ratiba ya kujisomea nikaibandika ukutani, na ikifika saa moja usiku nazima redio. Kaka anaiwasha. Sasa kaka ananiita Matroni, na wadogo wanaigiza ninavyosema "kamwene", salamu ya kule Njombe. Tranka langu liko chumba tunacholala na wadogo zangu, nalifunga kufuli na ufunguo nauvaa shingoni kwa kamba, ni mazoea tu. Mama akaniuliza mbele ya jirani, "Kwangu kuna mwizi?"

Rafiki yangu niliyemaliza naye kidato cha nne amejifungua. Nilikwenda kumwona, nikamwambia bado hajachelewa, ajipange, maisha hayajaisha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe sasa umekuwa wa kutushauri." Tangu siku ile hajakanyaga kwetu.

Wiki iliyopita mjomba aliitisha kikao. Yeye ni kaka yake mama na ndiye anayetoa nauli, maana baba hayupo na mama anategemea samaki wa kukaanga anaouza jioni. Mjomba akasema nimeota mapembe, bweni limenifundisha kiburi, na ni heri nihamie shule ya hapahapa mkoani nimalizie kidato cha sita karibu na mama. Shangazi, sikumtukana. Nilisimama nikampa hoja zangu moja baada ya nyingine, namna tunavyofanya kwenye mdahalo. Kwanza, PCB inahitaji maabara. Pili, kuhama mwaka wa mtihani ni hatari. Tatu, kujiamini si kiburi. Aliniangalia, akachukua kofia yake, akaondoka. Mama anasema nimemdhalilisha kaka yake ndani ya nyumba yake.

Naomba unisaidie. Nikatae uhamisho? Niwafanyeje waelewe kwamba sijaharibika, nimekua? Nikiwa shule najiona mtu. Nikiwa hapa najiona mkosaji kwa vitu vilevile walivyonisifia kule. Wakati mwingine najiuliza kama hapa bado ni kwetu.

Tafadhali nijibu kabla shule hazijafunguliwa.

Binti wa PCB, Lindi

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiyo 58. Nimekuwa mwalimu mlezi wa bweni la wasichana kwa miaka mingi kabla ya kukaa kwenye safu hii, na najua kutoka 9 kwenda 58 kwenye Fizikia ya kidato cha tano kunagharimu nini.

Tuanze na uhamisho, maana huo una tarehe, mengine yanaweza kungoja.

Umeandika kwa kupita tu kwamba mjomba ndiye anayetoa nauli. Mahali pengine umeandika, tena kwa kupita, kwamba Desemba hukurudi kwa sababu ya nauli. Halafu mjomba huyohuyo anasema usome karibu na nyumbani, nawe unamjibu kuhusu maabara na kujiamini. Naona watu wawili waliokaa kikao kimoja wakazungumza mambo mawili.

Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, na tangu hapo watu husema kumsomesha mtoto bweni la serikali ni bure. Waulize wanaolipa nauli. Lindi mpaka Masasi, Masasi mpaka Tunduru, Tunduru mpaka Songea, mnalala, mnakula, kesho yake ndiyo Njombe. Na mtoto hasafiri na nauli peke yake, kuna hela ya matumizi, sabuni, daftari, na zile rimu ambazo kila shule inazitaka. Sasa angalia na mwezi. Shule zinafunguliwa Julai. Kama mjomba wako anaishi kwa korosho, kama walivyo wengi huko kusini, basi hela ya msimu uliopita imekwisha zamani, minada ya msimu mpya haianzi mpaka Oktoba, na huu ndio wakati wa kupulizia mikorosho: mashine, petroli, vibarua. Mkono wake mtupu kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na ndipo wewe unapotaka kupanda basi la siku mbili.

Na ni mjomba. Huko kwenu ukoo wa watu wengi unahesabiwa kwa mama, mjomba ana neno kwa watoto wa dada yake kuliko pengine hata baba yao. Mtu wa namna hiyo atawezaje kusema mbele ya dada yake, mbele ya mpwa aliyesimama wima anatoa hoja namba moja, namba mbili, kwamba hana hela? Atasema umeota mapembe. Sikuhakikishii kwamba ndivyo ilivyo. Inawezekana kiburi amekiona kweli, na kikao chako kilimpa ushahidi. Lakini kabla hujapigania heshima yako, ulizia nauli.

Nenda kwake asubuhi, peke yako, usiende mikono mitupu hata kama ni samaki wawili wa mama. Akiwa anaenda shambani, mfuate ukafanye kazi kwanza. Umwombe radhi kwa namna uliyomjibu: "Mjomba, siku ile nilisema kama niko na wanafunzi wenzangu. Nisamehe." Yaliyomo kwenye hoja zako yaache, hujaambiwa uyafute. Kisha muulize wazi, kwa sauti ya chini, kama nauli ya Julai inamwelemea. Akikubali, mna la kupanga pamoja. Mwambie Desemba unaweza kukaa Makambako tena kama wenyeji wako watakuwa radhi. Na yule kaka mwenye nguvu za kuwasha redio bila shaka ana nguvu za kuchangia kidogo, mjomba akimwambia yeye hatakataa.

Kuhusu kuhama kwenyewe, hoja zako mbili za kwanza zilikuwa sahihi. Shule unayokwenda iwe na tahasusi hiyohiyo, iwe na nafasi, wakuu wa shule zote mbili wakubali, na kibali kitoke juu yao. PCB bila maabara ya uhakika na walimu waliokamilika ni mateso. Majina ya watahiniwa hupelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, miezi mingi kabla ya mtihani wa Mei, yakiwa na namba ya kituo, kwa hiyo anayehama katikati anahangaika na karatasi wakati wenzake wanahangaika na Kemia. Msimamo wangu ni kwamba usihame, isipokuwa nauli ikikosekana kabisa baada ya kutafutwa kwa dhati. Lakini hayo usiyaseme wewe. Mpe mjomba namba ya mwalimu wa taaluma wa shule yako, ampigie aulize mwenyewe. Mtu mzima akipata habari kwa mtu mzima mwenzake hajashindwa na mtoto.

Sasa hilo la kuharibika.

Wewe ni mtoto wa Lindi, kwa hiyo ngoma za jando na unyago unazisikia zikilia likizo hiihii, baada ya mavuno. Watu wako wanajua vizuri sana kwamba mtoto hutengwa na nyumbani, akafundwa, akarudi mwingine. Hawaliogopi jambo hilo. Ila angalia linavyofanywa. Mwali anapotoka, wote wanajua alikuwa wapi, na nani, na alifundishwa na kina nani. Kuna somo wake. Kuna nguo mpya, kuna vigelegele, kwa baadhi ya makabila kuna hata jina jipya, na kuanzia hapo kila jirani anajua amsalimie vipi. Wewe ulifundwa mwaka mzima milimani na watu ambao mama hajawahi kuwaona. Hakuna aliyemweleza ulifundwa nini. Ukashuka kwenye basi na tranka, ukalala, kesho yake saa kumi alfajiri ukaanza kufagia uwanja wa mwenyewe.

Kwa hiyo mimi simwoni mama mkorofi hata kidogo. Mwanamke huyu ameiendesha nyumba kwa samaki wa kukaanga, peke yake, na uwanja ule ni kadi yake ya heshima kwa majirani. Uliufagia vizuri mno. Ratiba ya ukutani ilimwambia hajui kulea mwanafunzi. Ufunguo wa shingoni sitaki hata kukumbusha ulimwambia nini. Najua hukukusudia lolote kati ya hayo, lakini kukusudia ni kitu ambacho wewe peke yako unakiona.

Ratiba iondoe ukutani leo. Mdogo wako ana mtihani Septemba, kaa naye chini ya taa na karatasi za mitihani iliyopita mfanye maswali mawili matatu, redio ikiwa inaimba. Mtihani wa darasa la saba haujawahi kushindwa kwa sababu ya taarabu. Uwanja mwachie mama. Na hiyo saa kumi alfajiri, ambayo bweni limekupa na hutaipoteza, ina kazi nzuri zaidi: mama akienda dikoni kupokea samaki, nenda naye. Beba ndoo. Huko njiani kuna giza na kuna muda, na mtu anayetembea gizani na mwanawe huuliza vitu ambavyo hawezi kuuliza mbele ya jirani. Atakuuliza mwenyewe hali ilikuwaje huko. Hapo ndipo utamwambia kuhusu ile 9, na kuhusu binti wa Kibena aliyekuamsha daku. Anza na huyo. Mama yeyote wa Kiislamu aliyemwachia mtoto wake stendi akaenda kuishi na watu wasiojulikana, akisikia Ramadhani kulikuwa na msichana Mlutheri anayemwekea viazi vya daku, moyo wake utatulia kwa namna ambayo hoja zako zote haziwezi.

Nimeacha jambo moja kwa makusudi, na ndilo lililonifanya nichague barua yako.

Uliorodhesha uliyojifunza: kuuliza darasani, kutunza hela, kuishi na watu, uongozi. Halafu kwenye orodha hiyohiyo ukaweka kuumwa kimya. Hilo nalikataa. Homa ya matumbo si mafua, mwanangu, ikiachwa inaweza kutoboa utumbo, na watu hufa. Ulikuwa umelala kituo cha afya, matroni ana simu mkononi, ukamdanganya. Kiranja wa afya! Njuka angekuja kwako mwezi ule anatetemeka homa ungemwambia nini, asimsumbue mama yake?

Unasema mtu mzima haumwi kwa kelele. Nenda hospitali yoyote ya mkoa, saa ya kuona wagonjwa, ukaangalie watu wazima wanavyoumwa. Mzee wa miaka 70 ana binti na chupa ya uji pembeni, ana shemeji anayefuatilia dawa, ana wajukuu wamekaa kwenye nyasi nje. Hakuna anayeona haya. Kuumwa peke yako umejifunza bwenini, na bwenini huwa tunajifunza mambo ya namna mbili kwa wakati mmoja bila kutambua. Kuna yanayokukuza, na kuna yanayokusaidia kulala usiku huo tu. Kufunga tranka kufuli bwenini ni lazima, sukari na sabuni zina miguu kule, nimewahi kusuluhisha ugomvi wa sabuni mpaka usiku wa manane. Kukaza uso ukitukanwa ni lazima, kwa muda. Kutomwambia mtu una shida gani, nako kwa mgeni kunaonekana ni lazima. Tatizo ni kwamba ukifanikiwa kuishi kwa njia hizo unazipenda, unaziita kukua, na unazibeba mpaka nyumbani ukiwa umezivaa shingoni.

Pima mwenyewe. Fizikia ilianza kupanda siku gani? Siku uliyokubali watu 60 wakuone hujui. Homa ilipokuja ukafanya kinyume chake kabisa, na ukajisifu kwa yote mawili.

Kwa hiyo, kabla likizo haijaisha, lifungue tranka mbele ya mama. Huna haja ya kutangaza, jioni moja tu akishauza samaki, mwambie unapanga vitu vya shule na unataka akuangalizie. Yeye ndiye aliyelipanga mwaka jana, anakumbuka kila kilichoingia. Mwache ashike sweta, aone shuka imechanika wapi, afungue daftari hata kama haelewi kilichoandikwa. Ripoti ya shule mpe yeye kwanza, mjomba baadaye. Na hapo umwambie uliumwa, na ulisema simu yake haipatikani. Atakasirika, na ana haki. Anaweza hata kulia. Usimweleze sababu zako, usimwambie hukutaka kumpa mawazo, kaa hapo tu mpaka amalize. Kufuli liweke ndani ya tranka mpaka Julai.

Rafiki yako nina machache kuhusu yeye. Ana mtoto mchanga, halali usiku, na shoga yake aliyebahatika kuendelea na shule alikuja akamwambia maisha hayajaisha, jambo ambalo huambiwa mtu ambaye wengine wanadhani yamekwisha. Rudi kwake. Pokea mtoto, mwache mama yake aoge kwa nafasi, mpige soga mlizokuwa mnapiga. Akiuliza mwenyewe habari za kurudia mitihani, mwambie anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na umsaidie kuulizia kituo kilicho karibu. Asipouliza, ulikwenda kumwona mtoto.

Unauliza kama hapo bado ni kwenu. Ni kwenu, ila likizo ndefu za namna hii zimebaki chache. Mei mtihani, baadaye unaweza kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013, na ukishavua kombati chuo kinakusubiri, Mungu akijalia hiyo 58 izidi kupanda. Kaka ataendelea kukuita Matroni, mwitikie. Na hiyo "kamwene" wafundishe wadogo zako jinsi ya kuiitikia, maana kwa sasa wanaiigiza tu.

Ukifika shule, kabla hujapanga kitanda, nenda kwa matroni ukamwombe radhi, umpe namba ya mama, ya mjomba, na ya jirani mwenye simu isiyozimwa. Mama naye aondoke na namba ya matroni kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Mwezi huo kidato cha tano wapya watakuwa wanashuka na masanduku, na wengine watakuwa wametoka Kilwa, Pangani, Mafia, wakiwa na sweta jepesi. Ukiwa kiranja wa afya hao ni wako. Waandikie namba za wazazi wao siku ya kwanza, umkabidhi matroni orodha.

Shangazi